Dawa ya Kuku Ipimwe Kwanza

Kuku waanzapo kuzubaa, kuharisha na kufa mmoja mmoja, wafugaji wengi hukimbilia dukani kununua dawa ya kuua bakteria. Desturi hiyo yafaa ikomeshwe. Huenda maradhi yenyewe ni mdondo, uletwao na virusi, ambao hauna dawa bali hukingwa kwa chanjo. Na hata ikiwa ni homa ya matumbo ya kuku, iletwayo na bakteria wa jamii ya Salmonela, si kila dawa itawashinda.

Njia ya kuujua ukweli ipo. Mtaalamu huchukua bakteria kutoka katika ini la kuku aliyekufa karibuni, huwaotesha, kisha huwapaka juu ya agari sahanini na kuweka vipande vidogo vya karatasi vilivyotiwa dawa mbalimbali. Sahani hukaa katika joto la nyuzi 35 za Selsiasi kwa muda wa saa 16 hadi 18. Pale dawa iliposhinda, karatasi huzungukwa na duara tupu. Kipenyo chake hupimwa na kulinganishwa na jedwali la dawa hiyo, kwani duara kubwa si lazima liwe la dawa bora: kila dawa huenea katika agari kwa kasi yake.

Hata hivyo, sahani si kuku. Neomisini yaweza kuwashinda bakteria sahanini. Lakini ikinywewa, ni kidogo mno ipitayo utumboni na kuwafikia bakteria walioenea damuni.

Hasara ya kubahatisha haimpati mfugaji peke yake. Bakteria dhaifu hufa. Walio sugu husalia na kuzaana. Nchini Marekani, dawa za jamii ya fluorokwinoloni ziliruhusiwa kwa kuku tangu mwaka 1995. Baadaye Kampilobakta sugu, ambao huweza kumwambukiza mtu kwa nyama ya kuku isiyoiva, waliongezeka miongoni mwa wagonjwa. Mwaka 2005 enrofloksasini, dawa ya jamii hiyo, ikapigwa marufuku kwa kuku.

Yasemwa kwamba mfugaji mdogo hawezi kungoja majibu ilhali kuku wake wanakufa. Hoja hiyo ni ya haki, lakini dawa yake ni kuzisogeza maabara karibu naye, si kuziruka. Mwalimu wa baiolojia naye ana sehemu yake: mwanafunzi aelewaye maana ya lile duara tupu atamshauri mzazi wake apitie maabara kabla ya kufika dukani.