Kiwanja Kitupu Si Kitupu

Wacha niseme wazi: tukiendelea kuhesabu kuta za mawe peke yake, tutabaki na historia ya matajiri tu.

Chukua Songo Mnara, kisiwa kilicho karibu na Kilwa, kusini mwa Tanzania. Mji wake wa kale ulizungushiwa ukuta, na pamoja na Kilwa Kisiwani uko kwenye orodha ya urithi ya UNESCO tangu 1981. Ukifika unaona majumba ya matumbawe, misikiti, makaburi. Halafu kuna nafasi kubwa wazi, nyasi tu. Nani angepiga picha nyasi?

Watafiti walipita juu ya nyasi hizo na magnetomita, mstari baada ya mstari, na ramani ikatoka na madoa. Walipochimba, wakakuta mabaki ya nyumba za miti na udongo. Ndani ya ukuta ule ule! Yaani hawa walikuwa majirani wa wenye majumba.

Hakuna uchawi hapo. Udongo ukipata moto mkali, kama pale kwenye mafiga au ukuta ukiungua, hushika usumaku na kukaa nao kwa mamia ya miaka. Shimo la kale au mtaro uliojaa udongo wa juu pia huwa tofauti na ardhi iliyouzunguka. Mashine inapima tofauti hizo bila kufukua hata kijiko kimoja. Adui yake ni chuma: misumari, mabati, hata vifuniko vya soda vinaivuruga. Ndio maana, buda, ukishajenga hapo, umechelewa.

Sasa huku kwetu. Tuna Sheria ya Makavazi na Urithi wa Kitaifa ya 2006, sawa. Lakini ploti ikiwa karibu na magofu ya Lamu au Kilifi, macho yetu yanatafuta ukuta. Hakuna ukuta? Leta tingatinga.

Mimi nataka kaunti za Pwani ziseme hivi: ardhi iliyo jirani na mji wa kale ipimwe kwanza, na gharama abebe mwenye mradi. Mtu wa vyumba viwili asisumbuliwe. Naongea juu ya hoteli na mitaa mizima ya nyumba za kuuza. Na kupima si kukataza. Ukijua nyumba za kale ziko upande gani, unasogeza msingi.

Vijana wa hapo hapo ndio wafundishwe kutembeza hiyo mashine. Sehemu kubwa ya kazi ni kutembea polepole kwa mstari ulionyooka, na hiyo haihitaji digrii.