Afrika Haipasuki Kesho, Lakini Kalvati Imeziba Leo

Kila mvua kubwa ikipiga Bonde la Ufa, ile picha inarudi. Barabara ya kutoka Mai Mahiu kwenda Narok imekatika, kuna shimo refu kama mto uliokauka, na juu yake mtu ameandika kwa herufi kubwa: AFRIKA INAPASUKA! Dakika tano baadaye iko kwa kila grupu la WhatsApp, na kuna msee kwa komenti anauliza kama ploti za Naivasha zitakuwa karibu na bichi. Inachekesha, lakini hiyo stori inatuumiza.

Ni kweli bara linaachana. Ganda la dunia limegawanyika katika mabamba, na hapa kwetu bamba la Nubia, upande wa magharibi, linaachana na bamba la Somalia, upande wa mashariki. Shida ni mwendo: milimita chache tu kwa mwaka. Kucha zako zinakua milimita tatu hivi kwa mwezi. Yaani kucha inashinda bara mbio.

Na bahari je? Bahari haiingii mahali ati kwa sababu umeona ufa. Lazima ardhi ishuke chini ya usawa wa bahari, halafu mlango ufunguke. Ziwa Naivasha liko mita 1,880 hivi juu ya usawa huo. Maji ya Mombasa yatapanda huko na matatu gani? Hata Danakil kule Ethiopia, penye sehemu zilizo zaidi ya mita 100 chini ya usawa wa bahari, bado ni jangwa la chumvi, kwa sababu kuna ardhi iliyoinuka inayozuia Bahari ya Shamu. Na Bahari ya Shamu yenyewe ilizaliwa Afrika na Uarabuni zilipoachana, kazi ya mamilioni ya miaka.

Sasa lile shimo la Machi 2018 lilitoka wapi? Sehemu hiyo ya bonde imejaa majivu ya kale ya volkano. Majivu hayo hayashikani vizuri. Mvua ilipomwagika, maji yalipenya, yakayabeba kutoka chini, juu kukabaki kama paa lisilo na nguzo, kisha paa likaanguka. Inawezekana nyufa za zamani zilizo chini huyaonyesha maji njia, na hapo wanajiolojia bado wanabishana. Lakini jembe lilikuwa maji.

Hapa ndipo ninapokasirika. Ukisema "bara linapasuka," umemtoa kila mtu lawamani. Nani atapeleka bara kortini? Lakini ukisema "maji yamekosa njia," maswali yanaanza. Nani alipima udongo kabla barabara haijajengwa? Miti ya kule juu ilienda wapi? Kalvati ilisafishwa lini mara ya mwisho?

Hii si hesabu ya darasani. Usiku wa kuamkia tarehe 29 Aprili 2024, karibu na Mai Mahiu hiyo hiyo, maji yaliyokusanyika nyuma ya tuta la reli yalipasua njia yakawakuta watu wamelala. Waliokufa ni zaidi ya 45. Wizara ya Maji ilieleza kwamba handaki linalopitisha mto chini ya tuta hilo lilikuwa limeziba. Hapo hakuna bamba lililosonga. Ni mawe, matope na miti kwenye mlango wa maji.

Kuna atakayesema, "Kwani unakataa bonde liko hai?" Sikatai. Joto la chini yake linazalisha umeme Olkaria tangu 1981, na asilimia 40 hivi ya umeme wa Kenya hutoka kwa mvuke wa ardhini. Pengine ndio umechaji hiyo simu unayosomea. Bonde hili linastahili kusomwa vizuri, si kugeuzwa sinema ya kutisha ya kutafutia wafuasi.

Kwa hivyo picha ikirudi masika ijayo, kabla hujashea uliza mambo matatu: mvua ilinyesha lini, maji yalitoka wapi, yalipaswa kupita wapi? Halafu toka nje, piga picha ya kalvati iliyoziba mtaani kwenu, na umtumie MCA wako mbele ya watu wote. Hiyo ndiyo picha inayofaa kusambaa.