Usimkabidhi Mtu Muhuri Wako

Nina ugomvi na neno pochi. Wewe unayejifunza Kiswahili unisikilize, kwa maana ugomvi huu si wa msamiati peke yake. Wanaouza vifaa vidogo vya kulindia sarafu za kidijitali, kama vile Bitcoin, huviita pochi, nasi tumelipokea jina hilo bila kulihoji. Mtu akisikia pochi huwaza kitu cha kutia fedha ndani: ikipotea, fedha zimekwenda, ikiwa mkononi, fedha unazo. Yote mawili ni uongo, na huo wa pili ndio unaofilisi.

Jina lililofaa tunalo. Pale Walukuba, kama kwingineko Uganda, watu wawili wakiuziana kiwanja, hati yao hupelekwa kwa mwenyekiti wa LC1 ili aigonge muhuri. Kiwanja hakikai ndani ya muhuri. Kipo palepale Masese, na mvua inakinyeshea. Lakini muhuri huo ukiangukia mikononi mwa mlaghai, hati za uongo zitagongwa usiku, na asubuhi mwenye kiwanja ataamka ni mgeni kwenye mihogo yake mwenyewe. Bitcoin ni hivyohivyo. Imeandikwa katika daftari moja la pamoja, ambalo nakala zake zimo katika maelfu ya kompyuta duniani, na yeyote anaweza kulisoma. Kifaa unachonunua hakina sarafu hata moja. Kina ufunguo wa siri, yaani kitu cha kutia saini amri ya kuhamisha. Ni muhuri.

Tofauti ni kwamba mwenye kiwanja aliyedhulumiwa anaweza kwenda mahakamani Jinja na hati ya uongo ikafutwa. Daftari la Bitcoin halina hakimu. Amri iliyotiwa saini sahihi na kuthibitishwa hairudi nyuma, hata kama mtiaji saini alikuwa mwizi.

Tangu mwaka 2014, kampuni ya Trezor ya Jamhuri ya Cheki ilipoanza kuuza kifaa cha kwanza cha namna hii, kanuni yake haijabadilika sana. Ufunguo huzaliwa ndani ya kifaa na hautoki humo. Simu au kompyuta yako, ambayo huenda imejaa programu za wezi, huandaa amri tu. Kifaa huionyesha kwenye kioo chake kidogo, wewe unasoma, unabonyeza, kinatia saini. Kwa kuwa kifaa kinaweza kuvunjika au kuibwa, siku ya kwanza mara nyingi hukupa maneno 12 au 24, yaliyochaguliwa kwa bahati nasibu kutoka orodha ya maneno 2,048. Maneno hayo, kwa mpangilio wake, ndiyo ufunguo wenyewe ulioandikwa kwa namna ambayo binadamu anaweza kuinakili. Kifaa kikiungua, unanunua kingine, unaingiza maneno, na kila kitu kinarudi. Mwizi naye akiyapata hahitaji kifaa chako. Hahitaji hata kufika Jinja.

Hapa ndipo nilipotaka tufike. Walukuba ni mtaa uliokua kwa ajili ya wafanyakazi wa viwanda, watu wa makabila mengi waliowekwa mlango kwa mlango. Mahali pa namna hiyo hapakaliki bila kuaminiana. Mama huacha ufunguo wa chumba kwa jirani; mzee asiyeona vizuri humpa wakala wa pesa za simu simu yake pamoja na namba ya siri, akasema, "Mwanangu, nitolee elfu ishirini." Pesa za simu zilianza Uganda mwaka 2009, na kizazi kizima kimelelewa na desturi hiyo. Siidharau. Mara nyingi kijana yule ni mwaminifu, naye mzee anaondoka na elfu ishirini zake.

Ila desturi hiyohiyo ikihamishiwa kwenye kifaa hiki ni maangamizi, na wanaotoza watu ada ili "wawafungulie pochi" wanajua hivyo au wanapaswa kujua. Namba ya siri ya pesa za simu ukiifichua leo, kesho unaibadilisha. Maneno 24 hayabadilishwi. Aliyeyaona mara moja ameyaona milele, na njia pekee ya kujinasua ni kuanzisha maneno mapya na kuhamishia huko mali yote kabla yeye hajafanya hivyo. Anaweza kungoja miaka mitatu, hadi akiba yako inone. Kwa hiyo msemo wa "nitakuwekea kila kitu tayari, wewe utakuja kuchukua" ndio msemo wa hatari kuliko yote katika biashara hii, hata ukitoka kinywani mwa mpwa wako. Mwambie mpwa: kaa upande ule wa meza, nielekeze kwa maneno, usitazame kioo. Akikasirika, amekujibu.

Mwaka 2018 iliripotiwa habari ya mtu aliyenunua kifaa cha Ledger kwa muuzaji wa mitumba mtandaoni, nacho kikaja na kadi ya kukwangua yenye maneno 24 yaliyokwisha kuchapishwa. Alikwangua, akayaingiza, akaweka akiba yake, ikatoweka. Sisi tuliokwangua kadi za muda wa maongezi kwa miaka mingi tungekwangua vivyo hivyo bila shaka yoyote, na ndiyo maana nakisimulia kisa hiki. Kumbuka: kifaa halali huja kitupu. Maneno huonekana kwenye kioo chake, mbele yako, baada ya wewe kukiwasha. Maneno yakija kwenye karatasi, kwenye bahasha au kwenye ujumbe wa WhatsApp, ni ya mtu mwingine, na kila utakachoweka ni chake. Nunua kwa mtengenezaji au kwa muuzaji anayemtaja kwenye tovuti yake, hata kama kifurushi kitachelewa na ushuru utakuudhi.

Na usinunue kabla hujahesabu. Vifaa vya bei ya chini huuzwa kati ya dola 50 na 80 za Marekani, yaani shilingi laki mbili hadi tatu hivi, kabla ya usafiri na ushuru. Mwenye sarafu za shilingi laki moja anayenunua kufuli la laki tatu amenunua fahari.

Sasa turudi kwenye lugha, kwa kuwa mimi ni mwalimu wa lugha na jambo hili linanichoma. Orodha ile ya maneno 2,048 ipo katika Kiingereza, Kijapani, Kikorea, Kichina, Kihispania, Kifaransa, Kiitaliano, Kicheki na Kireno. Kiswahili hakimo. Vifaa vingi hata hivyo hutumia ile ya Kiingereza tu, ambayo huanza na neno lenye maana ya kutelekeza na kuishia na lile la bustani ya wanyama. Maana yake ni kwamba mvuvi wa Masese, mwenye akili timamu na hesabu kali, anatakiwa kunakili bila kosa maneno 24 ya lugha asiyoiandika, peke yake, bila msaada wa mtu. Halafu tunashangaa akimwita kijana wa simu!

Usijaribu kuyatafsiri. Wapo wanaodhani wakiyaandika kwa Kiswahili au kwa Lusoga watamchanganya mwizi. Mwaka mmoja ukipita watajichanganya wenyewe, kwa kuwa neno moja la Kiswahili lina wenzake watatu au wanne kwa Kiingereza, nacho kifaa kinalitambua moja tu. Nakili herufi kwa herufi, kwa kalamu, kwa herufi kubwa zisizoungana, ukiweka namba kando ya kila neno. Waliotunga orodha walituachia huruma moja: herufi nne za mwanzo zinatosha kulitofautisha kila neno na mengine yote. Ukiwa na hakika na hizo nne, umelipata neno. (Jaribu kutunga orodha kama hiyo kwa Kiswahili uone kazi: kitabu, kitanda, kitambaa na kitasa yote yanaanza na herufi nne zilezile. Si kazi isiyowezekana, lakini chuo kikuu chochote cha Afrika Mashariki chenye idara ya Kiswahili kingeweza kuifanya, na sioni kwa nini tuwangoje Wacheki.)

Karatasi hiyo usiipige picha. Simu nyingi hupeleka picha zake zenyewe kwenye hifadhi ya mtandaoni, na hapo siri imeshatoka nyumbani. Usijitumie kwa barua pepe, wala usimsomee mtu yeyote anayejitambulisha kuwa wa huduma kwa wateja. Mtengenezaji hana sababu hata moja ya kuyauliza. Andika nakala mbili, ukae nazo mahali pawili tofauti. Mwenye chumba kimoja cha kupanga, chenye paa linalovuja na panya wasioheshimu mali ya mtu, asiweke zote mbili chini ya godoro lilelile.

Kisha fanya mazoezi kabla ya kuweka mali. Tuma kiasi kidogo ambacho hutakililia. Futa kifaa kwa makusudi. Vile vya Ledger hujifuta vyenyewe ukikosea namba ya siri mara tatu mfululizo. Kirejeshe kwa kutumia karatasi yako. Kile kiasi kidogo kikionekana tena, karatasi ni sahihi, na kuanzia hapo unaweza kulala. Wengi huruka hatua hii kwa kuogopa, nami nasema anayeogopa kufuta kifaa chenye shilingi elfu tano hana haki ya kukiwekea milioni tano. Kila unapopokea au kutuma, linganisha anwani ya kwenye kioo cha kifaa na ile uliyokusudia, kwa kuwa zipo programu za wizi ambazo hubadilisha anwani kimyakimya pale unapoinakili kwenye kompyuta.

Yote haya hayatamsaidia mtu aliyenunua hewa. Uganda inaujua uchungu huo. OneCoin iliuzwa hapa kama sarafu, ilhali haikuwa na daftari la umma lililo la kweli. Mwanzilishi wake, Ruja Ignatova, alitoweka Oktoba 2017, na mwaka 2022 FBI ya Marekani ikamweka kwenye orodha ya watu kumi inaowasaka zaidi. Desemba 2019 Dunamiscoins ilifunga ofisi zake ikawaacha maelfu ya Waganda mlangoni. Muhuri hauna kazi pasipo kiwanja. Ila muhuri unaweza kukusaidia kuuliza swali ambalo tapeli hana jibu lake: nina anwani yangu mwenyewe, je, unaweza kunitumia sarafu zangu huko leo, nizione kwenye daftari linalosomwa na kila mtu? Anayekuonyesha namba zinazokua kwenye tovuti yake, lakini hawezi kuzitoa nje ya tovuti hiyo, hajakuuzia kitu.

Benki Kuu ya Uganda ilitoa onyo juu ya OneCoin mapema mwaka 2017, na ilikuwa sahihi. Mwaka 2019 Wizara ya Fedha ilitangaza kwamba serikali haitambui sarafu hizi kuwa fedha halali. Aprili 2022 Benki Kuu iliyakataza makampuni ya malipo yenye leseni kuzibadilisha kuwa pesa za simu, na mwaka 2023 Mahakama Kuu haikuona kosa katika katazo hilo. Yasome hayo kabla hujagusa chochote, maana wewe ni raia kabla ya kuwa mwekezaji. Lakini ninaloishutumu serikali ni hili: kila tangazo lilimwambia mwananchi kwamba akipotea amepotea kwa hiari yake, na hakuna lililomfundisha lile swali moja la hapo juu, kwa lugha anayoiota. Katiba yetu ilikipa Kiswahili nafasi ya lugha rasmi ya pili mwaka 2005. Ukurasa mmoja wa Kiswahili ungegharimu nini? Katazo nalo halikuwaondoa wanunuzi. Liliwasukuma kubadilishana mkono kwa mkono, nyuma ya duka, na kumtegemea zaidi yule kijana wa simu.

Wauzaji wa vifaa nao wasitabasamu. Wanahubiri uhuru, kwamba mwenye ufunguo hamtegemei yeyote. Januari 2021, wakati wa uchaguzi, intaneti ilizimwa Uganda nzima kwa siku kadhaa. Mwenye kifaa alikuwa na muhuri wake, karatasi yake na uhuru wake, na hakuweza kutuma hata senti ya kununua unga. Wanahubiri pia usiri, ilhali mwaka 2020 Ledger yenyewe iliibiwa kumbukumbu za wateja. Majina, namba za simu na anwani za nyumbani za watu zaidi ya laki mbili zikamwagwa hadharani, na baadaye baadhi yao wakapokea kwa posta vifaa bandia vilivyotengenezwa kuwaibia. Januari 2025 mmoja wa waanzilishi wa kampuni hiyo, David Balland, alitekwa nyara nyumbani kwake Ufaransa na kukatwa kidole ili fidia ilipwe kwa sarafu hizi. Kwa hiyo ukiwa nacho, nyamaza. Usikionyeshe kwenye baa, usikitaje kwenye bodaboda.

Ukimya huo usivuke kaburi, hata hivyo. Mtu mmoja, mke, mume au mtoto mkubwa, ajue kwamba kipo na bahasha iko wapi, hata kama hajaifungua. Daftari halitambui msiba. Halisomi cheti cha kifo wala barua ya LC. Bahasha isipopatikana, sarafu zitabaki zimeandikwa pale, zikisomwa na dunia nzima, na mjane atakuwa anaziona.