Kabla Hujabadilisha Jiko, Pima Mkaa Wako kwa Kilo

Jiko lako la mkaa limetoboka kitako na unataka lingine. Usikimbilie kwa fundi bati. Chukua kopo la mkaa unalonunua kila siku, lipime kwenye mzani wa duka la nafaka, uandike. Fanya hivyo wiki nzima.

Watu wengi wa Mabatini na Igogo hawajui wanachoma kilo ngapi kwa mwezi, kwa sababu mkaa hauuzwi kwa kilo. Unauzwa kwa kopo na kisado, na mwenye kununua kwa kopo ndiye anayelipa ghali kuliko mwenye gunia. Halafu huyo huyo tunamwambia gesi ni ya matajiri! Mimi sikubali.

Kilo 6 za gesi hufanya kazi ya zaidi ya kilo 20 za mkaa kwenye jiko la bati la kawaida, maana jiko hilo hupoteza moto mwingi pembeni kabla haujafika kwenye sufuria. Weka bei za mtaani kwako pande zote mbili, ulinganishe mwenyewe.

Serikali imeweka lengo kwamba ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi, na REA imekuwa ikiuza mitungi ya kilo 6 kwa ruzuku. Ni jambo jema, nami ni mtumishi wa serikali hiyo hiyo. Lakini mtungi si moto. Nimeingia nyumba nyingi nikakuta mtungi mtupu umewekewa ndoo ya maji juu, mama anapuliza mkaa nje. Mkaa unapatikana kwa pesa ya leo, gesi inadai pesa ya mwezi kwa mkupuo. Kwa hiyo siku unapojaza mtungi, anza kutia kwenye kibubu ile pesa ya kopo. Baba, hilo ni lako pia. Usiamue jiko ambalo wewe hulipikii.

Jambo jingine wauzaji hawalisemi: jiko linalokaa juu ya mtungi mdogo halihimili mwiko. Songa ugali wa udaga wa watu saba pale juu uone linavyoyumba. Nunua jiko la pleti lenye miguu mipana, liunganishwe kwa mpira na regulata. Jaribu kuvuja kwa povu la sabuni, kamwe si kwa kiberiti. Gesi ni nzito kuliko hewa, inatulia sakafuni, hivyo mtungi ukae karibu na mlango.

Una umeme? Kwa maharage na makande, sufuria ya presha ya umeme inashinda yote. Ya wati 1000 ikiwaka saa nzima mfululizo inakula uniti moja, na hiyo haiwaki mfululizo kwa sababu inajikata. Loweka maharage usiku, utapunguza tena. Ila kama uko kwenye kundi la bei nafuu la TANESCO, angalia usivuke uniti 75 kwa mwezi.

Kama bado ni mkaa, basi chukua jiko banifu la kweli. Hapa nina ugomvi na mafundi wengine: wanapaka rangi bati, wanabandika udongo mwembamba kama sahani, wanaliita banifu. Ligonge udongo kwa kidole. Ukilia kwa sauti iliyokufa una ufa, liache. Pia utikise, udongo usicheze ndani ya bati.

Wanaosema mkaa ni rahisi hawahesabu miti. Tanuri la udongo la kienyeji linameza kilo 6 hadi 10 za kuni kutoa kilo moja ya mkaa. Ndiyo maana miche tunayogawa haioni uzee.

Na mvua ikinyesha usiku, usiingize jiko la mkaa chumbani ili kupata joto. Mkaa ulioiva hautoi moshi, lakini unatoa sumu isiyo na harufu, na waliolala hawaamki. Liache barazani hata kama litalowa.