Watoto wa materneli wanahesabiwa kila siku, lakini mama anabaki bila karatasi

GOMA – Katika Kivu ya Kaskazini, hakuna watu waliohesabiwa kama familia zilizokimbia vita. Tangu mapigano yaanze tena Rutshuru mwishoni mwa mwaka 2021, kisha yakafika Masisi, familia hizo zimehesabiwa Kanyaruchinya, zikahesabiwa Bulengo, Lushagala na Rusayo. Zimehesabiwa kwa ajili ya unga, sabuni, turubai na chanjo. Watoto wadogo, wale wa miaka 3 hadi 5, wamehesabiwa hata zaidi ya wazazi wao, kwa sababu kila asubuhi kwenye vituo vya kuchezea na kujifunzia chini ya mahema kulikuwa na animatrisi mwenye daftari na bic, akiandika nani amefika.

Leo mama aliyepita kambini akienda kumwandikisha mtoto darasa la kwanza huko Ndosho au Majengo, mkurugenzi wa shule akimwuliza mtoto alisoma wapi, jibu liko mdomoni tu. Kituo kilifungwa, hema lilibomolewa, na daftari hajui liko wapi. Miaka miwili ya mtoto imebaki kuwa neno la mama, na neno la mama halina muhuri.

Mtu anaweza kusema kwamba hayo ni mambo ya makaratasi, na vita vina mambo makubwa zaidi. Lakini mtoto aliyejifunza kushika kalamu, kuhesabu hadi ishirini na kuimba rangi kwa Kifaransa, akianzishwa upya kama vile hakuwahi kukaa na wenzake, amepoteza. Na yule wa miaka 7 anayeambiwa amekuwa mkubwa kwa materneli lakini hajawa tayari kwa shule ya msingi, amepoteza mara mbili. Jiji nalo linapoteza: kama haijulikani watoto wa miaka 5 ni wangapi, nani atajua mwezi wa tisa kunahitajika madawati mangapi? Kongo ilifanya sensa yake ya mwisho ya watu mwaka 1984. Tangu hapo, kila idadi ya watoto inayosomwa redioni ni makadirio yaliyojengwa juu ya makadirio.

Shida si kwamba hakuna anayekusanya habari. Wanaokusanya ni wengi, na kila mmoja ana njia yake.

Serikali ina mfumo wake wa takwimu za elimu, unaojulikana kwa jina la SIGE. Kila mwaka mkurugenzi wa shule anajaza fomu: ST1 ni ya materneli, ST2 ya shule ya msingi, ST3 ya sekondari. Fomu inatoka shuleni, inaenda ofisi ndogo ya elimu, inapanda hadi ofisi ya jimbo la elimu, kisha Kinshasa, ambako inaingizwa katika kitabu cha takwimu cha mwaka. Hata wakati wa amani safari hiyo ni ndefu. Sasa kutoka Goma hadi Kinshasa fomu inavuka mstari wa vita: tangu mwisho wa mwezi wa kwanza mwaka 2025 jiji liko mikononi mwa AFC/M23, na uongozi wa jimbo unaotambuliwa na Kinshasa umehamia Beni. Mkurugenzi wa shule hakuchagua kuwa katikati ya hayo. Ana wanafunzi, ana kalamu, na fomu yake inangoja.

Lakini hata bila vita, ST1 ni fomu ya shule. Inataka madarasa, walimu, vyumba. Hema lenye mkeka mmoja na watoto themanini si shule kwa macho ya fomu hiyo.

Upande wa mashirika kuna Klasta Elimu, meza ambako wanaosaidia shule wakati wa dharura wanakutana, na ambayo duniani inaongozwa na UNICEF pamoja na Save the Children. Hapo kila shirika linaeleza nani anafanya nini, wapi, lini, na kwa ajili ya watu wangapi. Ni kazi yenye maana, maana bila hiyo mashirika matano yangejenga hema moja kambi moja na kuacha kambi nyingine mikono mitupu. Ila kinachopanda kwenye meza hiyo ni idadi: wavulana kadhaa, wasichana kadhaa, mwezi fulani. Idadi haina jina. Mtoto akihama kutoka Rusayo kwenda Bulengo, Bulengo inaongeza mmoja. Je, Rusayo inapunguza mmoja? Ikiwa haipunguzi, mtoto mmoja amekuwa wawili kwenye ripoti, na hakuna aliyedanganya.

Halafu kuna vile vituo vinavyoitwa rafiki kwa watoto. Hivyo haviko hata upande wa elimu. Vinahesabiwa upande wa ulinzi wa mtoto, na kwa serikali vinamwangukia DIVAS, ofisi ya mambo ya kijamii. Watoto wa miaka 4 waliokuwa humo wakiimba na kuchora kila siku ya kazi, kwa ofisi moja walikuwa wanalindwa, kwa ofisi nyingine hawakuwa wanasoma. Ni mtoto yuleyule, na mkeka uleule.

Chukulia msichana mmoja aliyeondoka Kitshanga na mama yake akiwa na miaka 3. Sake, jina lake likaandikwa na shirika la kwanza. Vita vilipokaribia Sake wakashuka Bulengo, akaandikwa tena, safari hii mwandishi akaandika jina jinsi alivyolisikia, na mwaka wa kuzaliwa kwa kukisia. Mwezi wa pili mwaka 2025 wakaambiwa kama wengine kwamba kambi zinapaswa kuwa tupu ndani ya saa 72. Wengine walirudi Masisi, wengine Rutshuru, wengine wakaingia kwa ndugu jijini, wengine wakalala kanisani. Yeye na mama yake wako kwa shangazi, Katoyi. Majina yake mawili yanaishi katika kompyuta mbili tofauti, na hakuna hata moja linalojua kwamba yuko Katoyi.

Habari zilizokusanywa zilikuwa za mahali, hazikuwa za mtoto. Hilo ndilo kosa lenyewe. Kambi ilipokufa, habari zilikufa nayo, ilhali mtoto yuko hai na sasa ana miaka 5 au 6.

Sababu moja wakubwa hawapendi kuitaja ni pesa. Elimu ya bure iliyoanza mwezi wa tisa mwaka 2019 ilihusu shule ya msingi ya serikali. Huko, idadi ya madarasa na walimu ina uzito, inaombewa mishahara, inagombaniwa. Materneli si ya lazima kisheria, mzazi analipa mwenyewe, na aliyekimbia hana cha kulipa. Kitu kisicholetea ofisi franka hakiandikwi kwa bidii. Kwa mashirika mambo yanafanana kwa namna nyingine: mfadhili anataka idadi ya waliofikiwa kabla mradi haujaisha baada ya miezi sita au kumi na miwili. Mradi ukiisha, tableti inarudi ofisini. Hakuna mfadhili anayeuliza baada ya miaka miwili yule mtoto wa hema nambari fulani alifika darasa la pili au hapana.

Wazazi wengi wana hofu nyingine, na hofu hiyo haipaswi kuchekwa. Wanapoona kijana mwenye gile na tableti anaandika jina la mtoto, jina la baba, kijiji walikotoka na simu, wanajiuliza nani atasoma. Katika nchi ambako kijiji cha asili kinaweza kumfanya mtu ashukiwe, orodha ya namna hiyo si kitu cha kuachwa juu ya meza. Mwezi wa kwanza mwaka 2025, vita vilipoingia jijini, maghala na ofisi za mashirika ya misaada ziliporwa. Watu walipiga hesabu ya magunia yaliyopotea. Mzazi ana haki ya kuuliza pia kuhusu madaftari na kompyuta.

Wala wakubwa wa dunia hawako salama. Mwezi wa kwanza mwaka 2022, Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu, CICR, ilitangaza kwamba wadukuzi wameingia katika habari za watu zaidi ya 515,000, wakiwemo waliotenganishwa na familia zao kwa sababu ya vita. CICR ilisema wazi, na hilo ni la kuheshimiwa. Kenya nako, jimboni Garissa, kuna raia wa Kenya ambao familia zao, wakati wa ukame na njaa, ziliwaandikisha katika kambi za Dadaab ili wapate chakula. Walikuwa watoto. Walipofikisha umri wa kuomba kitambulisho, alama za vidole vyao zikawaita wakimbizi, na wengi wakanyimwa uraia wao kwa miaka. Mama aliyempeleka mtoto wake kwenye foleni ya unga hakujua kwamba anatia saini jambo la miaka kumi na tano mbele.

Kwa hiyo jibu haliwezi kuwa kuandika zaidi tu. Majina na idadi visitembee pamoja. Idadi iende kila mahali: Klasta, ofisi ya elimu, redioni, kwa mkuu wa kartie. Majina yafungiwe, yajulikane nani ana ufunguo, na kijiji cha asili kisiulizwe kama hakihitajiki ili mtoto akae kwenye mkeka. Mara nyingi hakihitajiki. Kongo ina kanuni ya mambo ya kidijitali tangu tarehe 13 mwezi wa tatu mwaka 2023, na ndani yake mna sehemu nzima ya kulinda habari za watu. Shirika linalofanya kazi hapa halihitaji kungoja mtu alikumbushe.

Kuhusu kumfuata mtoto, dawa iko tayari katika mfuko wa plastiki wa karibu kila mama wa Goma. Ni fishi ya CPS, ile karatasi ngumu ya kupima kilo na chanjo. Mama ameikimbiza na bomu likilia. Imelowa mvua ya Kanyaruchinya, imekunjika, lakini muuguzi wa kituo chochote cha afya, awe Kyeshero au Minova, anaifungua na kujua mtoto alichanjwa nini na lini. Haihitaji umeme wala intaneti. Na jambo la ajabu kidogo: herufi hizo CPS kwa Kifaransa maana yake ni uchunguzi wa mtoto kabla hajaanza shule. Watu wa afya wana karatasi ya kabla ya shule. Watu wa shule hawana.

Elimu inaweza kufanya vilevile. Kadi moja ya mtoto, ya namna moja kwa mashirika yote, yenye jina, mwaka wa kuzaliwa jinsi mzazi anavyoujua, kituo alichokaa, miezi aliyohudhuria, na muhuri. Mtoto akihama, kadi inahama. Kituo kipya kinaandika mstari unaofuata, na kwenye ripoti kinaeleza kwamba huyu si mpya, ametoka mahali fulani. Hapo hata hesabu ya Klasta itaacha kuvimba. Mwenye tableti aendelee na tableti yake, lakini asiondoke kabla hajaacha kitu mikononi mwa mzazi.

Kadi hiyo isigeuzwe kuwa mlango wa kufungia watoto nje. Kenya ilipoanzisha mfumo wake wa NEMIS mwaka 2017, cheti cha kuzaliwa kilitakiwa ili mwanafunzi aingizwe, na watoto wasio na cheti walibaki nje ya hesabu na nje ya pesa za serikali kwa shule yao. Hapa ingekuwa mbaya zaidi. Sheria ya Kongo inampa mzazi siku 90 kumwandikisha mtoto bure. Zikipita, anatumwa mahakamani kutafuta hukumu ya kujaza nafasi ya cheti. Mama aliyejifungua njiani kati ya Mweso na Sake angeipata ofisi gani ndani ya siku 90? Mtoto aje kwanza, akae, aandikwe. Cheti kitafutwe akiwa tayari ameketi, na shirika lenye wanasheria lisaidie hapo.

Wapo watakaosema karatasi inaungua, inaibiwa, inaliwa na panya. Ni kweli. Ndiyo maana kituo kibaki na nakala, na orodha ya majina iwe na mahali pamoja pa kuhifadhiwa mradi unapofungwa, badala ya kila shirika kuondoka na lake. Mahali hapo ni wapi, wakati kuna tawala mbili zinazodai jimbo moja? Swali ni gumu, na wanaokaa kwenye meza ya Klasta ndio wanaopaswa kulijibu kabla ya mwezi wa tisa, kwa sababu watoto wa hema la 2023 wanaingia darasa la kwanza sasa.

Kwa sasa, mzazi anapofikiwa na mwandishi wa majina, pale Mugunga, Katoyi au kijijini alikorudi, anaweza kuuliza: unatoka shirika gani, jina la mtoto linakwenda kwa nani, litafutwa lini, na unaniachia nini? Kuuliza si utovu wa heshima, na hakuna jetoni inayopaswa kunyimwa mtu kwa sababu ameuliza. Na kama jibu la swali la mwisho ni "hakuna", basi aombe hata kipande cha karatasi ya daftari, chenye tarehe, jina la kituo na sahihi ya animatrisi, akiweke ndani ya ile plastiki, pamoja na fishi ya CPS.