Kabla ya Kutweng, Sikiliza Glasgow

Haya jamani, leo tuweke msimbo kando tuzungumzie ulimi. Hapa Kenya ukishrabu unachekwa, ukitweng unachekwa pia. Katikati wamejaa wanaouza kozi za Kiingereza "kisicho na lafudhi". Mimi sikubali kwamba kitu hicho kipo. Kila Kiingereza kina kwao, na ukisikiliza cha Uskoti utashangaa jinsi kilivyo jirani na ulimi wetu.

Chukua "film". Mwalimu alikukanya usitie irabu kati ya l na m, sivyo? Watu wengi wa Glasgow huitia, wakatamka karibu na "filam", hatua moja tu kabla ya filamu yetu. "Day" na "go" kwao zina irabu moja iliyotulia, si mbili zinazoteleza kama za London. R hutamkwa popote ilipoandikwa: "car", "bird", "work". "Pool" na "pull" ni sauti ileile. Na ch ya "loch" ni kh ya Subalkheri. Mtu wa Lamu hahitaji somo hapo.

Si mteremko wote, lakini. T ya "water" mara nyingi humezwa kooni. Halafu kuna urefu wa irabu: "need" ni fupi, "kneed" ni ndefu, ilhali Mwingereza wa kusini huyatamka sawa. Hii ndiyo kanuni iliyopewa jina la A. J. Aitken, na sikio la Mswahili huchelewa kuinasa.

Kwa wapenda kompyuta, pakueni eSpeak NG. Ni programu huria, mtoto wa eSpeak ya Jonathan Duddington, na ina sauti ya Uskoti, hata ya Kiswahili. Andika:

espeak-ng -v en-gb-scotland --ipa "car"

Kisha rudia kwa en-gb, ulinganishe alama za matamshi. Usiige sauti yenyewe tu, maana ni roboti mwenye mafua! Kwa sikio, fungua BBC Radio Scotland.

Wanaosema mashine ndiyo ipime matamshi yako wananichekesha. Kamusi ya matamshi ya Carnegie Mellon, ambayo watengenezaji wengi wameitegemea, ina maneno zaidi ya 130,000, yote kwa matamshi ya Marekani Kaskazini. Mwaka 2010 kipindi cha Burnistoun cha BBC Scotland kiliwaonyesha Waskoti wawili wamekwama ndani ya lifti inayoendeshwa kwa sauti, wakipaza "eleven" bila kueleweka. Ulikuwa mchezo wa kuchekesha, ila mwaka uliofuata Siri ilipotoka, Waskoti wa kweli walilalamika vivyo hivyo. Sasa wewe wa Kakamega mashine ikikukatalia, kwa nini ukatwe mshahara?

Kama una mteja Glasgow, anza na nambari. Bei na saa atazitaja kila siku: "four" yenye r yake kamili, "eight" yenye irabu moja. Zisikilize hadi usimwombe arudie. Kuzitamka kama yeye kunaweza kungoja.