Inaweza Kuua, Lakini Haifai: Maneno Yangu Kuhusu 223 na Kulungu

Wasee, wacha niseme hii kitu mara moja halafu mnirarue kwenye komenti. Mmeziona zile vidio za wawindaji wa Marekani. Jamaa amevaa koti la rangi ya machungwa, anapiga kulungu na kabunduki kepesi, mnyama anaanguka papo hapo, halafu anageukia kamera na kusema 223 inatosha kabisa. Sisemi ni mwongo. Nasema ameonyesha nusu ya stori, na ile nusu ingine imekimbilia kichakani ikivuja damu.

Tuelewane kwanza. Kulungu ninayemwongelea si huyu wetu wa Aberdare. Ni yule wa Marekani mwenye mkia mweupe kwa chini, dume lake lina pembe za matawi zinazoanguka kila mwaka. Majimbo ya kaskazini, dume kubwa linapita kilo 100. Sasa risasi ya 223 Remington ina kichwa chenye kipenyo cha milimita 5.7, na kile cha kawaida kina uzito wa kama gramu 3.6. Hiyo ni nyepesi kuliko sarafu ya ashuu iliyo mfukoni mwako.

Najua jibu lenu: "Lakini inaenda mbio!" Sawa, inatoka kwa mtutu na zaidi ya mita 950 kwa sekunde. Hata hivyo nguvu yake hapo mtutuni ni kama jouli 1,700. Risasi ya 308 Winchester, ambayo wawindaji wengi wa kulungu huko wanaibeba, ina kama jouli 3,500. Mara mbili, wasee.

Na hata nguvu si stori yote. Risasi haimuui mnyama kwa kelele. Inamuua kwa kutoboa mapafu au moyo, damu imwagike haraka mpaka ubongo ukose hewa. Kulungu akisimama ubavu, karibu, ametulia, na mpigaji awe amelenga vizuri nyuma ya bega, basi kichwa kizuri cha 223 kitafika kwa mapafu na mnyama atakufa. Hapo sibishani na mtu. Texas watu wanafanya hivyo kila msimu, na sheria yao inawaruhusu. Wanachokatazwa kwa kulungu ni ile 22 ndogo ya kupigia sungura.

Lakini ni wangapi husimama hivyo? Mnyama anageuka, anapiga hatua moja ukiwa tayari umebonyeza. Sasa risasi inabidi ipite mfupa wa bega kwanza ndio ifike ndani. Hapo ndipo gramu 3.6 zinaanza kuisha nguvu. Mara nyingi haitokei upande wa pili, kwa hivyo tundu ni moja, dogo, na damu inabaki ndani ya mwili. Mwindaji akifika pale hapati hata alama za kufuata. Kulungu ameenda kufa polepole mahali hakuna kamera. Hiyo klipu hakuna mtu ataipakia, ama?

Kuna kitu kingine hizo vidio zinaruka. Risasi nyingi za 223 zinazouzwa hazikutengenezewa kulungu. Zile za kijeshi zimefunikwa shaba kichwa chote, zinaweza kutoboa mnyama kama sindano bila kupanuka. Zingine zimetengenezwa kwa wanyama wadogo wasumbufu wa mashambani, zinapasuka zikigusa ngozi tu. Kuna chache zilizotengenezwa kupanuka taratibu na kuingia ndani, na hata hizo zikiwa nzito zinataka mtutu wenye mizunguko ya kukaza, la sivyo zinayumba hewani. Kwa hivyo mtu akikuambia "223 inatosha" bila kusema kichwa gani na mtutu gani, hajakuambia kitu.

Halafu kuna hii ya kunichekesha. Kila ubishi wa risasi ndogo ukianza, mtu lazima amtaje Karamojo Bell. Huyu alikuwa Mskoti, jina alilipata Karamoja, hapa Uganda, na aliua ndovu zaidi ya 1,000, wengi wao na bunduki ya milimita 7 ambayo wenzake waliiona ndogo. Basi hoja inakuwa: kama Bell aliangusha ndovu, wewe unaogopa kulungu? Maze, pigeni hesabu. Kichwa cha risasi ya Bell kilikuwa na uzito wa kama gramu 11, mara tatu ya 223. Na jamaa alipasua mafuvu ya ndovu kwa msumeno ili ajue ubongo umekaa wapi. Hiyo ilikuwa kazi yake ya kila siku. Kumtumia Bell kumtetea mtu anayewinda wikendi mbili kwa mwaka ni kumkosea adabu.

Wenye sheria pia wameliona hili. Colorado wanataka risasi ya kulungu isipungue karibu milimita 6 kwa kipenyo, na kichwa kiwe cha kupanuka. Virginia pia 223 haifiki kipimo. England na Wales, sheria ya 1991 inaweka mpaka uleule wa milimita 6 kwa kulungu wakubwa, na inaachia risasi ndogo kwa aina mbili tu za kulungu wadogo sana. Hawa si watu wanaochukia uwindaji. Ni nchi zenye wawindaji kibao.

Sasa nije kwa hoja yenu kali, kwa sababu mnayo moja. Mnasema bunduki kubwa inapiga teke begani, mtu anaogopa, anafumba macho, anakosea shabaha. Na risasi kubwa kwa mguu bado ni risasi ya mguu. Kweli kabisa! Ndio maana watoto na wanaoanza wanapewa 223. Lakini angalieni mnachofanya hapo. Mnampa mtu mwenye uzoefu mdogo zaidi risasi isiyosamehe kosa lolote. Huyo ndiye anahitaji nafasi ya kukosea kidogo bila mnyama kuteseka.

Tena si ati hakuna njia ya katikati. 243 Winchester ilitoka 1955, ina kichwa cha gramu 6.5, nguvu kama jouli 2,600, na teke lake ni dogo kuliko la 308. Mtoto aliyefundishwa vizuri anaiweza. Kwa hivyo msituambie chaguo ni 223 ama bega livunjike.

Wengine wameshaanza kuandika: "Wewe Mkenya, uwindaji ulipigwa marufuku kwenu 1977, unajua nini?" Ni kweli, hapa kuwinda kwa starehe ni kosa, na usiende porini ukasema mimi ndiye nilikutuma. Lakini uzito wa risasi hauulizi pasipoti. Na sisi ndio tunabonyeza zile vidio. Kila tunapompigia makofi mtu kwa shabaha moja iliyobahatika, tunamwambia anayemfuata ajaribu na risasi ndogo zaidi, mbali zaidi, ili apate namba.

Msimamo wangu ndio huu. Anayejua kazi yake, ana kichwa sahihi, na yuko tayari kushusha bunduki mnyama akigeuka, sina shida na yeye. Lakini kumwambia kila mtu 223 ni risasi ya kulungu ni uzembe, na gharama yake hailipwi na mwenye kamera. Anayebisha aje na hesabu. Klipu moja haitoshi, na komenti ziko wazi.